Tatay Yupo Kwenye Laini

Saa nane na dakika kumi mchana, Perpetua Magbanua alipokea simu ya thelathini na moja. Ofisi yao iko ghorofa ya nne mjini Iloilo, na kazi yao ni kuwasikiliza Waaustralia wenye majokofu mabovu. Kampuni huajiri watu wa Iloilo kwa sababu hata wakitukana, sauti zao hubembeleza. Lakini hilo halikutosha, kwa hiyo kila Jumatatu msimamizi wao, Madam Evelisa, huwafundisha kuzungumza upya.

Siku hiyo baba yake Perpetua alikuwa anazikwa kijijini kwao, Pototan, saa tisa. Ruhusa aliiomba mara mbili. Mara ya kwanza Madam Evelisa alimwambia ombi lake limeanza na tatizo badala ya suluhisho. Mara ya pili alilisifu kwa mpangilio mzuri, kisha akalikataa.

"Zimebaki wiki tatu upate ajira ya kudumu," alimwambia. "Usijiharibie, binti."

Simu ya thelathini na moja ilikuwa ya Tatay, baba yake mwenyewe.

"Inday," alisema Tatay, kama mabinti wa kwao waitwavyo. "Mbona sikuoni?"

Alikuwa amesubiri foleni dakika arobaini akisikiliza muziki, kama kila mtu. Nyuma yake wanawake walikuwa wakisali rozari.

Simu zote hurekodiwa, na anayeongea lugha ya nyumbani hupewa alama sifuri. Perpetua akajibu kwa Kiingereza, lugha ambayo Tatay aliijua kwenye magunia ya mbolea tu.

"Asante kwa kutupigia, bwana. Ninasikitika kwa usumbufu ulioupata."

"Sielewi unachosema. Mimi nimekufa, mwanangu. Wanataka kufunga jeneza, nimewaambia wasubiri kwanza. Ndugu zako wote wameshaugusisha mkono wangu kwenye mapaji yao ya uso kuniaga. Umebaki wewe."

"Kama nimekuelewa vizuri, bwana, hujaridhika kwa sababu binti yako hajafika mazishini."

"Unaongea kama redio," alisema Tatay. "Sema lugha yetu. Neno moja tu, nijue ni wewe."

Perpetua alitaka kulisema. Alilitaka neno hilo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na lilikuwa fupi. Akaitazama taa nyekundu ya kinasa sauti.

"Kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia, bwana?"

Tatay akashukuru kwa adabu, kama alivyokuwa akiwashukuru makarani wa serikali, akakata simu. Saa nane na ishirini dada yake Perpetua alituma ujumbe kwamba jeneza limefungwa.

Jumatatu Madam Evelisa aliwasikilizisha wafanyakazi wapya kumi na wawili rekodi hiyo. Hakuna aliyeuliza marehemu aliipata wapi namba. Ni ya bure na imeandikwa kwenye kila jokofu.

"Mteja mgumu huyu," alisema Madam, "lakini mwenzenu amepata tisini na sita kwa mia. Sasa sikilizeni zile nne zilikoenda."

Akairudisha rekodi mpaka pale Tatay alipoomba neno moja. Baada yake ilisikika pumzi ndefu ya Perpetua, ikikatikakatika.

"Hapo. Mteja asisikie pumzi yako. Ukizidiwa, bonyeza kitufe cha kuzima sauti, pumua, ndipo urudi. Umenielewa, Perpetua?"

"Nimekuelewa, Madam. Asante kwa maoni."

Wapya wakaandika kwenye madaftari yao. Perpetua naye akaandika.