Maswali Manne ya Mke Wangu

Wakubwa wa hospitali sijawasamehe. Mke wangu alipozidiwa nilisimama mlangoni pa wodi siku tatu, naambiwa subiri, mganga mkuu yuko mkutanoni. Alipotoka mkutanoni, mimi nilikuwa mgane. Kwa hiyo yule binti alipokuja kibandani kwangu na bahasha, sikuinua macho kwenye soli niliyokuwa nashona.

Alijitambulisha kuwa katibu wa kamati ya maadili ya utafiti, wale wanaopitia kila mradi unaotaka kugusa watu kabla haujaanza. Akasema damu ya marehemu, aliyoitoa kwenye utafiti wa moyo, bado imegandishwa maabara, na chuo kimoja cha ng'ambo kinaitaka kwa utafiti mwingine. Kamati ya huko kwao imesharuhusu. Kwa sheria zao sahihi ya kwanza inatosha. Kwa sheria zetu haitoshi. Damu haivuki mpaka wa nchi hadi mwenyewe aulizwe upya, na kama hayupo tena, anaulizwa yule aliyemtaja.

Nikasema hapana. Nikasema wakubwa wake wakipenda wapeleke ya kwao.

Hakubisha. Alisema nina haki ya kukataa na sitadaiwa sababu, ila kanuni inamtaka anisomee fomu yote mbele ya shahidi nitakayemchagua, nikatae kitu ninachokijua. Nikamchagua shemeji, dada wa marehemu. Tangu msiba alikuwa hajanipa pumzi, na mimi nilitaka wamsumbue na yeye kidogo.

Kesho yake asubuhi tukakaa sebuleni. Shemeji alimwambia binti asome polepole, darasa la nne la huyu bwana liliishia njiani. Binti akasoma polepole kweli, akisimama kila nilipokunja uso, mpaka ukurasa wa mwisho uliojazwa kwa mkono. Akaeleza kwamba kamati inadai kila swali la anayetoa damu liandikwe kama alivyolisema, na jibu lake chini yake.

Mke wangu aliuliza manne. La kwanza, sindano ina unene gani. La pili, kama atamaliza mapema, maana mume wake akikuta chakula kimepoa ananuna. Shemeji akanitazama, nikatazama dirisha. La tatu, kama dawa ya huo utafiti isipomfaa yeye, itamfaa mwingine. Nesi aliyemtoa damu alijibu: huenda. La nne, akifa ataulizwa nani. Nesi alijibu: utakayemtaja.

Binti akasoma mistari ya mwisho, maneno ya marehemu mwenyewe.

"Mwulizeni mume wangu. Mwulizeni mara mbili. Mara ya kwanza huwa anakataa."

Shemeji alicheka mpaka akalia. Mimi sikuweza hata kimoja.

"Haya," nikamwambia binti. "Uliza mara ya pili."

"Baba, unaruhusu?"

Nikamwuliza kwanza: wakigundua kitu huko, kitarudi huku, au ndiyo kwaheri? Akaliandika swali langu neno kwa neno, kisha akasema, "Sijui, baba. Nitauliza."

Umri wote huu, hakuna mwenye ofisi aliyewahi kuniambia hajui. Wao hujua, halafu wako mkutanoni.

Damu ilikaa pale pale wiki mbili, chuo kizima cha ng'ambo kikisubiri swali la fundi viatu. Binti akarudi na barua: matokeo yataletwa kliniki yetu na kusomewa wagonjwa kwa lugha yao, na kamati imeliweka hilo kuwa sharti. Akanisomea yote mbele ya shemeji, kama mara ya kwanza.

Nikatia sahihi. Nilimshukuru, na nikamwomba awashukuru waliotunga kanuni ya kuandika maswali, hata kama na wao ni wakubwa. Halafu nikauliza kama naweza kupata nakala ya ule ukurasa wa mkono.

Alikuwa ameshaitoa. Akanikabidhi, nikaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, na shemeji hakunikatiza.