Miguu ya Lerionka

Katika miaka yote aliyoimba, Gadiel hakutambua jambo lililokuwa likitendeka nyuma ya mgongo wake. Na angelitambuaje, ilhali macho yake yalikuwa daima kwa wacheza dansi?

Bendi yake ya zamani ilikuwa imekutana tena mtaani Njiro, katika studio ya binti aitwaye Irine, kurekodi upya nyimbo za ujana wao. Nyingine zote zilikubali. Ule wa roki, wa kwanza Gadiel kuutunga, ulikataa katakata. Noti zilikuwa zilezile, maneno yaleyale, lakini ulijikokota kama ng'ombe apandaye mlima wakati wa kiangazi.

"Wazee wangu, msinikasirikie," Irine alisema. "Huu tuuache. Albamu haitapungukiwa."

Kwa Gadiel, albamu bila wimbo ule ilikuwa nyumba bila mlango. Akamgeukia mpiga dramu.

"Elimringi, umezeeka! Unapiga kama anayetwanga usingizini."

"Mikono yangu mizima, ndugu yangu. Nilichopoteza ni miguu."

"Miguu gani?"

Elimringi akamnyooshea kijiti Lerionka, mpiga besi kutoka Oldonyo Sambu, aliyeketi kwa sababu ya goti bovu. "Ya huyu! Wimbo huu alikuwa akiupiga huku akiruka, kama wanavyoruka vijana wa kwao kwenye sherehe. Alipotua, ndipo nilipopiga. Hukuona? Ah, wewe ulikuwa ukitazama wasichana."

Lerionka alicheka hadi nyuzi zikavuma. "Goti langu limestaafu. Ruka wewe, Mchaga!"

Gadiel, mzee wa kanisa mwenye wajukuu, akavua koti, akavaa gitaa lake, akaruka.

"Unakwepa siafu?" Lerionka akauliza. "Nyoosha mgongo. Usiharakishe kushuka, ardhi haikimbii."

Akaruka tena, na tena, mpaka visigino vyake na dramu vikatua pamoja. Hapo Lerionka akaitikia kwa mguno mzito wa kifuani, namna wanaume wa kwao wamwitikiavyo mrukaji, na wimbo ukaamka. Irine alikuwa akirekodi huku akijifuta machozi ya kicheko. Gadiel, aliyeamini maisha yake yote kwamba mdundo wa wimbo ule aliuokota redioni, alielewa akiwa hewani kwamba nusu yake ilishuka kutoka Oldonyo Sambu.

Wimbo ulibaki kwenye albamu, na watunzi wake waliandikwa kuwa wawili: Gadiel na Lerionka.