Tarumbeta Nyuma ya Ukuta

Hadithi hii ni kweli tupu, na atakayekuta uongo ndani yake amshike msimulizi sikio. Imetoka kinywani mwa Mzee Stempu mwenyewe, na mtu aliyegawa barua maisha yake yote hawezi kupeleka habari kwenye nyumba isiyo yake.

Yeye na mkewe walikuwa wageni katika jiji lile. Binti yao alikuwa amepata kazi ya kupiga tarumbeta katika okestra kubwa, na hilo lilikuwa onyesho lake la kwanza. Miaka ya nyuma, kila alipopiga mbele za watu, baba yake alikuwa zamuni, mfuko wa barua begani. Sasa amestaafu, visingizio vimekwisha.

"Baba, safari hii usinikose," binti alimwambia asubuhi, na Mzee akaapa kwa kofia yake mpya.

Mkewe alipanda teksi mapema. Mzee alisema atatembea, alione jiji. Aliposhauriwa aulize njia alicheka mpaka akakohoa. Mtu wa posta aulize njia? Na samaki aulize maji? Jengo la muziki lilikuwa na namba yake, na namba ni namba.

Kumbe huko namba zilipanda upande mmoja wa barabara mpaka mwisho, zikavuka, zikarudi na upande wa pili. Mzee alikwenda nazo. Alipita duka la miwani, akapita vinyozi, akapita sinema iliyofungwa, na namba zilipomgeuza kurudi, kola ilikuwa imelowa jasho na muziki ulikwisha kuanza. Aliliona jengo, lakini miguu haikumpeleka kwenye ngazi za mbele. Tangu aanze kazi hajawahi kuingia jengo kubwa kwa mlango wa mbele. Mtu wa posta huingia nyuma, kwenye mapipa na mizigo. Mlinzi alimwona anakuja kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa, akamfungulia.

Ndani palikuwa na korido ndefu, mabomba juu, makasha ya vyombo yameegemezwa ukutani. Muziki ulisikika kama mvua ya nyumba ya pili. Mzee alikata kona, akamkuta binti yake.

Alikuwa peke yake, gauni jeusi, tarumbeta mkononi, mbele ya mlango wa jukwaa ulioachwa wazi kidogo, akimtazama mwongoza muziki kwenye runinga ndogo. Muziki ule ulitaka tarumbeta moja ilie kutoka mbali, mpigaji asionekane. Jukwaani hakuwamo na hangekuwamo, na alikuwa ameona haya kuwaambia wazazi waliosafiri kote huko kuja kumtazama.

Zamu yake ilikuwa imekaribia, na pumzi zilimjia fupi fupi. Alipomwona baba yake, macho yakamtoka. Mzee alikuwa na maneno ya kujaza magunia, akayameza yote. Aliweka kiganja kifuani, akavuta pumzi polepole. Binti akavuta naye. Kisha akapiga.

Hapo ndipo kofia ilipong'oka. Sauti ile ilitoka na upepo wake, ikamvua Mzee kofia, ikaibeba mpaka mwisho wa korido. Mwenyewe hakupepesa. Macho yalikuwa makavu kama bahasha mpya.

Onyesho lilipokwisha walikutana watatu kwenye ngazi za mbele. Mkewe alikuwa amenuna, maana kiti cha Mzee, kando yake, kilikaa kitupu mwanzo hadi mwisho. Mzee akamwaga habari zote: mlinzi, korido, kofia, macho makavu.

"Mzee wangu, hata uongo una kipimo," alisema mkewe. "Uingie nyuma ya jukwaa hivihivi, kama kwako?"

"Ni kweli, Mama," binti akasema. "Alikuwepo."

Mzee akavimba kifua kama njiwa.

"Ila kofia uliivua mwenyewe, Baba. Ukajifunika nayo uso, mabega yanaruka."

Basi, tumekamatwa. Kwenye familia ile anayenaswa ametia chumvi hulipa papo hapo: hunyamaza, na mwenziwe ndiye humalizia hadithi. Mkewe akamshika mkono, wakaanza kushuka ngazi, naye akasimulia alivyomtafuta mwanawe jukwaani, uso baada ya uso, mpaka moyo ukamwanguka. Halafu sauti ikatoka nyuma ya ukuta, akamjua kabla pumzi ya kwanza haijaisha. Akamgeukia mama aliyekaa upande wake wa pili, ukumbi wote kimya, akamwambia kwa sauti, "Huyo wangu." Watu wakamkata jicho. Akarudia, kwa faida ya waliokaa mbali.

Mzee Stempu alikuwa na la kuongeza hapo. Lilimfika kwenye meno. Binti akamtazama, naye akaling'ata, akaendelea kulipa.