Salamu Aliyoitikia Mwalimu Boadi

Keshokutwa mswada ungekwenda kwa mchapaji Ibadan, na Oyeronke alitaka wazazi wake wausikie kwanza. Aliwasomea sebuleni, nyumbani kwao Ogbomosho, baba akitafuna kokwa ya kola.

Alisoma habari za Kumasi, mwaka 1969, Ghana ilipowapa wageni, wao Wanigeria wakiwamo, wiki mbili wawe wameondoka. Jirani waliyekula naye chungu kimoja ndiye aliyewaonyesha askari mlango wao. Baba akaacha duka lake la vitambaa na kaburi la mwanawe wa kwanza. Kisha ikaja sentensi ambayo Oyeronke aliipenda kuliko zote: "Tangu siku hiyo baba yangu hakumfukuza mgeni."

"Mwanangu, umenifuta machozi," baba alisema.

Mama akaguna. "Na Mwalimu Boadi je?"

Boadi, Mghana, alikuwa mpangaji wao wa chumba cha uani. Ndiye aliyemfundisha Oyeronke hesabu. Mwaka 1983, Nigeria nayo ilipowafukuza Waghana, Oyeronke alikuwa chuoni.

"Si aliondoka mwenyewe? Baba aliniandikia."

"Mama Ronke, nyamaza!"

"Sinyamazi. Kikishachapwa ndiyo imekuwa kweli hiyo. Ronke, Boadi alisema Kiyoruba kukushinda wewe. Maafisa waliokuja kusaka Waghana walimhoji wakachoka, wakageuka waende zao. Baba yako akatoka, akamwamkia kwa Kitwi, lugha ya Kumasi, kama tunavyoamkiana sisi tuliorudi kutoka kule. Maskini, akaitikia kwa Kitwi hicho hicho huku anacheka, wakamkamata."

Karatasi zilimponyoka Oyeronke mkononi. Alimtazama baba yake akingoja akanushe.

"Nilimsalimia tu! Salamu nayo kosa?"

"Mwezi mzima ulikuwa humsalimii, Baba Ronke."

Baba akatema kola kiganjani. "Mtaa mzima walikuwa wakituita Waghana. Watoto wakituimbia njiani. Nifukuzwe tena, na safari hii kwetu?"

Oyeronke aliokota ukurasa wa mwisho, akaikata ile sentensi kwa mstari wa kalamu.

"Baba," alisema, akapiga magoti mbele yake kama anayemwamkia, "Mwalimu alibeba nini walipomchukua?"

Mzee aliinamisha uso.

"Hakupewa nafasi," akasema. "Walimchukua na kandambili miguuni. Vidole vyake vilikuwa bado na chaki." Akavuta pumzi. "Andika. Lakini andika pia kwamba aligeuka akaniaga."