Pua ya Fahima na Sigara za Kuba

Musimusifu Barnaba mbele yangu. Munaosema ni mufadhili wa Rumonge kwa sababu amewapa vijana kazi kwenye hoteli yake ya ufukweni, njooni kwangu kwanza. Muwekeeni binti yangu Fahima mawese mkononi, mumuulize yananuka nini. Atawajibu: sijui.

Fahima huyu! Alijulikana toka Minago mpaka soko la Rumonge. Sisi tunakamua na kuuza mawese. Mutu akileta bido, dumu la mafuta, tunapaka tone kwenye viganja, tunasugua mpaka mafuta yapate joto, tunanusa, halafu tunalamba kidogo. Mimi bila kulamba siwezi kukata neno. Fahima alinusa tu, akasema, "Mama, haya yamechanganywa na ya zamani," ama, "Haya chikichi zake zilioza kabla ya kukamuliwa." Wachuuzi wadanganyifu wakimuona amekaa mulangoni wanapitiliza na bido zao.

Barnaba akasikia habari zake. Akaja na kiboksi cha mbao chini ya kwapa. Amekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, adabu tele.

"Shikamoo, Mama Fahima."

Akafungua. Ndani sigara za Kuba, nene kuliko kidole gumba, zimelala zimebanana kama ndagala wa ziwani.

"Kwangu hakuvutwi moshi," nikamuambia.

"Mama, hizi si sigareti za dukani. Hizi zinalazwa miaka ndipo zinakuwa tamu. Nahitaji mutu wa kuzinusa, aniambie ipi imekomaa. Anuse, na aonje kidogo."

"Kuonja ni kuvuta."

"Hapana, mama! Moshi haumezwi. Unauzungusha mudomoni, unautoa. Wewe unalamba mawese, je, unayanywa?"

Hapo ndipo aliponinasa. Mutu wa mawese ukimuambia kuonja, anafikiri tone kwenye ulimi. Nikamuruhusu Fahima aende. Na Barnaba alijua vizuri nini nimefikiri, akaniacha na mawazo yangu.

Kule hotelini sigara zinalala kwenye chumba kisicho na dirisha. Kuna rafu za mbao inayonukia na sponji zenye maji, ili majani yasikauke. Zile changa zinatoa harufu kali, inashika koo kama zizi la mbuzi asubuhi. Kila siku Fahima anafungua maboksi, za chini anazileta juu, ananusa. Halafu kila boksi anawasha moja, anaonja. "Hii ina ukali bado, ilale. Hii imefika, ina asali kwa mbali." Wakija wageni kutoka Bujumbura, anakaa katikati yao awaeleze, na wao wanapuliza moshi wanampigia makofi.

Mwanzoni alinitania. "Mama, wewe ukilaza mawese yanaharibika. Wao wanalaza majani yanakuwa matamu. Nani mujanja?"

Halafu kikaanza kikohozi. Nikauliza, akasema ni vumbi la barabara.

Siku moja Akonkwa, muteja wetu wa siku nyingi, akarudisha bido, akaipigisha chini kwenye mulango wangu. "Mama Fahima, mumenichoka? Semeni tu! Haya hata taa itakataa kuyanywa."

Nikanusa. Yamechacha. Na aliyeyapokea ni Fahima, jioni ametoka hotelini. Nikamushika mikono, nikampaka, nikasugua mwenyewe.

"Nusa."

"Nimenusa, Mama."

"Yananuka nini?"

Akaanza kulia. "Sisikii kitu. Tangu mwezi wa mufungo nasikia moshi tu. Chai ni moshi, sabuni ni moshi. Kule kazini nabahatisha kwa rangi na kwa kubonyeza."

Tulienda kwa enfirmie, muuguzi wa zahanati. Akamusikiliza kifua, akatikisa kichwa. Alisema moshi ni moshi, hata ukiishia mudomoni unaunguza, na wa wengine ndani ya chumba kilichofungwa unauvuta tu. Aache leo. Pua inaweza kurudi, lakini yeye hawezi kuniahidi.

Nilifika hotelini na Fahima, nimejaa hasira. Barnaba akanivutia kiti.

"Mama, mimi pia nilitaka kukuita. Nimemujaribu na sigara mbili, moja changa, moja ya miaka mingi. Ameshindwa. Pua imechoka. Lakini simutupi, atafua mashuka."

Imechoka! Kama tairi ya baiskeli!

"Na wewe mwenye sigara," nikasema, "kwa nini huonji mwenyewe?"

Akatazama ziwa. "Dakitari alinikataza. Kifua."

Muone! Kifua chake kina dakitari. Cha mutoto wangu kina makofi ya wageni. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa, nikatoka na Fahima.

Haikupita wiki nikaambiwa Barnaba ameonekana Kigwena, nyumbani kwa Ernestina, mukamuaji mwenzangu. Ernestina ana binti, Jessica, wanayemusifia pua vilevile. Nikapanda pikipiki na Fahima nyuma yangu.

Tulimukuta amekaa, kiboksi wazi juu ya meza. "Moshi haumezwi, mama," alikuwa anasema. Maneno yaleyale!

"Ernestina, mukatalie," nikasema kabla ya salamu. "Muangalie wangu alivyofanywa."

Ernestina akaninunia. "Amahoro, Mama Fahima. Kaeni kwanza. Binti yako akikosa kazi, na wangu akose?"

"Wivu wa kina mama," Barnaba akacheka. "Fahima mwenyewe aseme, nilimulazimisha?"

Fahima akakaa karibu na mulango wa jikoni, kichwa chini. Mimi nikaendelea kupaza sauti, Barnaba anajibu kwa upole wake ule, Ernestina anatuangalia kwa zamu. Nilijua simushawishi. Nilikuwa na hasira tu, na hasira ya mutu mwingine haimuzuii mutu kutafutia mutoto wake kazi.

Ghafla Jessica akaruka. "Maharage!"

Mimi pia nikaipata, harufu ya sufuria iliyokauka. Hata Barnaba akaziba pua. Jessica akampita Fahima mbio kuingia jikoni, na moshi mweusi tayari unatoka juu ya mulango, nyuma ya mugongo wa Fahima. Fahima akainua macho, akatuangalia mumoja mumoja, kama mutu aliyeingia katikati ya maneno.

Ernestina alimuangalia Fahima. Halafu akafunga kile kiboksi, akakiweka kwenye magoti ya Barnaba, akasimama kando ili apate njia ya kutoka.

"Mama," Fahima akaninong'oneza, "kumetokea nini?"