Mfupa wa Spageti

Kwa miaka thelathini na moja Hyacinthe alipika spageti kila Jumapili katika jiko la mapadri Waitaliano kule Luvungi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuila hata sahani moja ingali moto. Binti yake Noella aligundua jambo hilo kwa bahati tu, siku moja walipokuwa wakichambua maharagwe uani.

"Papa," alimuuliza, "spageti ikiwa moto inakuwaje?"

Mzee alisimamisha vidole juu ya ungo. Akafikiri. Kisha akajibu kwa uaminifu wake wote: "Mapadri walikuwa banasema iko muzuri."

Noella alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni alipoona kwamba baba hatanii. Ndipo alipoelezwa. Spageti hutoka chunguni ikaenda mezani mbio, na mpishi hubaki jikoni akisugua chungu, akikata nanasi, akichemsha kahawa. Padri Renzo, mkubwa wa nyumba ile, alikuwa akimwita aje akae nao, kiti kipo. Hyacinthe alikuwa na jibu moja tu: "Nikikaa, mon père, kahawa itachemshwa na nani?" Basi alikula mwisho, amesimama, kile kilichoshika chini ya chungu. Kilichobaki alikitia katika bakuli la bati lenye kifuniko, akakifunga nyuma ya baiskeli na kurudi nacho nyumbani. Noella na marehemu mama yake walikila jioni, kimepoa, kimegandamana, pamoja na bugali na mboga ya lengalenga. Noella alikua akiamini kwamba spageti ni chakula cha baridi kwa asili yake, kama parachichi.

Sasa mapadri wale walikuwa wamerudi kwao, baba amestaafu, na Noella amemaliza shule ya uuguzi na kupata kazi Uvira. Alikuwa msichana wa sauti ndogo. Darasani, profesa alikuwa akimrudisha mara tatu kwa jibu moja: "Noella, unasemea ukuta ao unasemea sisi?" Lakini kabla maharagwe hayajaisha siku ile, alikuwa amekwisha kukata shauri. Huko Uvira, mtaani Kimanga, kulikuwa kumefunguliwa resto ya Kiitaliano, La Gondola, karibu kabisa na ziwa. Angempeleka baba. Baba angekaa kitini kama mtu, sahani ingewekwa mbele yake, na moshi ungempanda puani. Hilo tu. Kwa wiki tatu aliliwaza jambo hilo kama wengine wanavyowaza arusi yao.

Jumapili ilipofika, Hyacinthe aliteremka kwenye gari la Luvungi akiwa na koti lake la ndoa, vumbi la bonde zima limemkaa kwenye nyusi. Noella alimpangusa kwa kitambaa palepale barabarani.

"Papa, tupatane jambo moja. Leo weye hausimame. Utakaa mpaka tumalize."

"Sawa."

"Hata kukiwa nini."

"Hata moto ikiwaka jikoni?"

"Hapo utasimama, lakini utoke inje pamoja na sisi."

Mzee akacheka, akainua mkono kama anayekula kiapo mahakamani. Noella alihisi moyo wake ukiruka kama samaki ndani ya kapu.

La Gondola ilikuwa na meza kumi, vitambaa vyenye miraba myekundu, na upepo wa ziwa uliokuwa ukivifunua kila mara. Mhudumu, msichana mwepesi aitwaye Dalila, alimvutia Hyacinthe kiti. Hyacinthe alimshukuru, kisha akamkaribisha akikalie yeye.

"Hapana, Papa, ni chako hiki," Dalila akasema huku akificha tabasamu.

Kwenye meza ya pili walikaa Papa Yusufu, mfanyabiashara wa vitenge, na mkewe Mwamvua. Papa Yusufu alikuwa amekwisha kuuliza kama mchuzi una nyama ya nguruwe, akajibiwa kwamba ndani iko nyanya na samaki tu. Sasa alikuwa na swali jingine.

"Hii spageti ni mboga, nimeona. Na chakula yenyewe iko wapi?"

"Njo hiyo chakula, Papa," Dalila akamjibu.

"Dada, niletee bugali. Tusidanganyane."

"Ananiaibisha huyu," Mwamvua akaliambia ziwa.

Noella aliagiza spageti ya samaki kuhe na nyanya, sahani mbili. Baba aliweka viganja juu ya meza, akaviondoa, akaviweka magotini. Kila chungu kilipogongana na kingine huko jikoni, shingo yake iligeuka. Mara mbili aliinuka nusu. Mara mbili Noella alimgusa mkono, akakaa. Sahani zikaja.

Hyacinthe alitazama saa yake. "Dakika ine," akasema polepole.

"Ni wepesi, eh?" Noella akasema kwa furaha.

Noella alishika uma, akazungusha kama alivyoona kwenye simu, akatia mdomoni. Uma ukabaki hapohapo.

Aliijua ladha ile. Nyuzi zilikuwa laini kama uji, zimegandamana, na uvuguvugu wake ulikuwa wa juu tu, wa mchuzi. Chini yake kulikuwa na baridi. Ilikuwa imechemshwa asubuhi, ikakaa; ndiyo maana ilifika kwa dakika nne. Ilikuwa spageti ileile ya bakuli la bati, imesafiri miaka yote hiyo kumfuata hadi hapa kwenye kitambaa cha miraba.

Alimtazama baba. Baba alikuwa akitafuna taratibu, macho chini.

"Iko muzuri," Hyacinthe akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia juu ya ungo wa maharagwe. Kisha akakunja kitambaa cha mdomo mara nne, akashika ukingo wa meza. "Hawa batoto bamechoka, Jumapili bantu ni wengi. Ngoja nibasaidie kidogo tu. Nitarudi."

Noella alijua hatarudi. Angevua koti, angekunja mikono ya shati, angewapikia watu wa meza zote kumi, na jioni angekula amesimama kile kilichoshika chini.

"Papa, kaa."

"Mama, ni dakika kumi tu."

"Umeinua mukono, Papa. Kaa."

Mzee akakaa. Basi sasa mtu wa kusimama alikuwa mmoja tu aliyebaki. Noella alimwita Dalila, na sauti ikaishia kwenye meno. Akamwita tena, Dalila akapita na chupa za Fanta. Mara ya tatu aliita kama aliyekanyaga moto, na resto nzima ikageuka. Hata uma wa Papa Yusufu ulitua.

Masikio yake yakiwaka, Noella akasema, "Dada, samahani. Hii spageti ilipikwa asubuhi. Tunaomba ya sasa. Tunaomba ya moto."

Aliyetoka jikoni hakuwa Dalila. Alikuwa Michée, mpishi mwenyewe, kijana mnene mwenye kofia nyeupe, aliyejifunza kazi Bujumbura na ambaye hakupenda kuitwa nje.

"Nani hapa iko anafundisha jiko?"

Noella akaonyesha sahani. "Minye nimesema tu..."

"Mama, bantu ya Uvira banapenda laini. Uliza. Mukipewa ngumu munasema haijaiva, munarudisha."

"Ni kweli," Papa Yusufu akadakia. "Minye napenda laini. Meno yangu yamebaki matatu, na hayasikilizani."

Watu wakacheka, na Michée akapanua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. Noella angependa ardhi impokee. Lakini kando yake baba alikuwa amenyanyua uzi mmoja wa spageti kwa vidole viwili, akiutazama kwenye mwanga wa ziwa kama daktari atazamavyo picha ya mfupa.

"Laini si mubaya, mwanangu," akasema kwa upole. "Lakini hii haina mufupa."

"Spageti gani iko na mufupa?"

"Unakata uzi na meno, unaangalia katikati. Ukiona kadoa keupe, ule njo mufupa. Ukiwa munene, bado. Ukiwa kama unywele, toa mbio. Ukipotea, umechelewa. Minye nimekata nyuzi hizo miaka thelathini na moja, kwa mapadri, Luvungi."

Michée alikunja uso, akaukunjua. "Luvungi? Weye ni Papa Hyacinthe? Wa lazanya ya Pasaka?" Akavua kofia. Bibi yake alikuwa akifua nguo misheni, akasema, na utotoni alilambishwa sufuria ya lazanya hiyo. "Sasa, Papa, ingia. Jiko ni lako. Tafazali, ingia utuonyeshe."

Hyacinthe alikuwa tayari amesogeza kiti nyuma. Uso wake ulikuwa umewaka kama wa mtu aliyeitwa kwao.

Noella alimshika mkono wa koti. Sauti yake yote alikuwa ameimaliza. Alimtazama tu. Na baba akautazama mkono ule mdogo, akaitazama sahani, akamtazama tena binti yake, na pengine hapo ndipo alipoelewa kwa nini aliitwa atoke Luvungi na koti la ndoa.

"Hapana," akamwambia Michée. "Leo minye ni muteja. Weka maji mengi, chumvi, moto mukali. Utaniletea uzi hapa."

Hivyo ndivyo ilivyopikwa. Michée alikimbia jikoni. Hyacinthe alifundisha bila kupaza sauti, na Dalila alibeba maneno yake kama anayebeba mayai: mchuzi usubiri kwenye kikaango kipana, maji ya spageti yasimwagwe yote, kikombe kimoja kibaki cha kulegeza mchuzi, sahani zitumbukizwe kwanza kwenye maji ya moto, maana sahani baridi ni mwizi.

"Na sala," Hyacinthe akaongeza. "Sala tunafanya sasa, ingali chunguni. Padri Renzo siku ya spageti hakuombea mezani hata mara moja. Alikuja mulangoni pa jiko, akabariki chungu, akakimbia kukaa."

Wakaomba. Papa Yusufu naye akasema bismillahi yake mapema, asije akachelewa.

Dalila akatoka na uzi mmoja juu ya kijiko, akitembea upesi. Hyacinthe akaukata kwa meno, akaangalia.

"Munene. Bado."

Dalila akarudi. Watu wa meza za nyuma walikuwa wamegeuza viti. Mwamvua aliuliza wamefika wapi, akaambiwa mfupa ni mnene.

Uzi wa pili ukaja. Hyacinthe akautazama kwa muda mrefu kidogo. "Dakika moja na nusu. Asiondoke hapo."

"Na minye niletewe yangu nione," Papa Yusufu akasema. "Nimekula vitu vingi, sijakula kitu kinachochunguzwa hivi."

Noella aligundua kwamba amesimama. Hakukumbuka alisimama saa ngapi. Baba ndiye aliyekuwa amekaa, mgongo umenyooka, viganja viwili juu ya kitambaa cha miraba, na magoti yake tu yakitikisika chini ya meza.

Uzi wa tatu Dalila aliuleta mbio, mkono mmoja chini ya kijiko. Hyacinthe akaukata. Akaangalia. Kile kidoa hakikuwa kikubwa kuliko unywele.

"Toa."

"Toa," Dalila akaita kuelekea jikoni.

"Toa," resto ikaitikia, hadi Papa Yusufu na meno yake matatu.

Kukasikika maji yakimwagwa, kikaango kikilia, Michée akimfokea mtu asiyekuwepo. Kisha mlango ukafunguliwa kwa mguu, na mpishi mwenyewe akaja na sahani mbili zilizokuwa zikitoa moshi, vidole vyake vimefungwa taulo kwa sababu hazikushikika. Akaiweka moja mbele ya Hyacinthe, moja mbele ya Noella, akabaki hapohapo.

Moshi ulimpanda mzee usoni. Miwani yake ikawa nyeupe yote. Hakuifuta. Alizungusha uma mara mbili, kwa ustadi wa mtu aliyetazama wengine wakifanya hivyo miaka mingi kupitia upenyo wa mlango, akatia mdomoni.

Alitafuna. Akafunga macho nyuma ya miwani ile nyeupe. Akazungusha tena.

Mtu alipita barabarani, mtu wa Luberizi, kijiji cha njia ya Luvungi, aliyemjua, akaita kwa shangwe, "Papa Hyacinthe, uko Uvira? Habari ya siku nyingi?" Na Hyacinthe, ambaye hajawahi kuacha salamu ya mtu ianguke chini, aliinua kidole kimoja bila kugeuka, kumwambia ngoja, akaendelea kula.

Noella alishindwa kujizuia. Wiki tatu alikuwa akilisubiri jibu hili, na kabla ya hapo, bila kujua, miaka yote ya bakuli la bati.

"Papa," akauliza kwa sauti yake ndogo, "iko namna gani?"

Baba hakuinua uso.

"Kula," akasema. "Inapoa."

Noella akakaa upesi, akashika uma.