Jina kwenye Mstari wa Mtunzaji

Jumatatu saa nne asubuhi, binti mmoja fundi wa programu alifuta jina lake kwenye kompyuta, akanawa mikono.

Kazi yake haikuwa na mshahara. Alichukua programu ya kuandikia barua, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za watu wengi, akaipunguza hapa, akaiongeza pale, mpaka ikawakaa watu kumi na tisa waliobaki duniani wakitumia mfumo wa kompyuta ambao wengine hata jina lake hawalijui. Kila toleo jipya lilipotoka alianza upya, kama anayemshonea nguo mtoto asiyekoma kurefuka. Miaka tisa hiyo. Sasa daktari wa macho alikuwa amemwambia apumzike miezi mitatu, la sivyo jicho la kushoto litakwenda lisirudi.

Kwenye faili ya programu upo mstari mmoja, ule aliofuta jina lake: Mtunzaji. Ukikaa mtupu mpaka Ijumaa saa sita mchana, programu inatupwa.

Kabla ya chakula cha mchana watumiaji walianza kutoka kwenye droo ya meza, mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi. Wa kwanza mkunga, kisha mpiga kinanda, kisha nahodha mwenye mguu mbovu, na wenzao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Futeni miguu," bibi yake yule binti akasema, akaongeza maji kwenye birika.

"Dada, tumeona mstari mtupu," mkunga akalalama. "Barua za wazazi mia nne niliowazalisha zimo humo!"

"Basi andika jina lako." Binti akampelekea kibodi.

"Mimi? Mimi mtumiaji tu."

Nahodha naye mtumiaji tu. Mpiga kinanda alisema amesahau miwani, nayo imemkalia puani. Kibodi ikazunguka sebule nzima ikarudi ilikotoka. Wakakaa hivyo mpaka Ijumaa, wakinywa chai.

Ijumaa saa tano na nusu bibi aliweka kikombe chini.

"Kitendawili!"

"Tega!" Hapo hakuna aliyekuwa mvivu.

"Chungu kimoja tunakula wote, muoshaji anapofuka."

Jibu walilijua. Nahodha alifungua mdomo, mkunga akamkanyaga mguu ule mbovu. Wengine wakakagua dari.

"Tumeshindwa, bibi."

"Nipeni mji, basi."

Wakatoa. Kila mmoja alichomoa mji wake mfukoni au mkobani, na mabati yake, na soko lake, na watu wakivuka barabara. Bibi aliipanga juu ya kabati. Wa nahodha ulikuwa na bandari, ukawa unavuja, akautia kwenye beseni. Miji kumi na tisa ilitolewa siku hiyo, na jina halikutolewa hata moja.

Saa sita kasorobo binti alizitazama nyuso zile, akafikiria barua za wazazi mia nne. Akafumba jicho la kushoto, akaandika jina lake kwa la kulia.

Wakapiga makofi, wakarudi drooni kwa foleni nzuri. Miji hawakuiulizia.

Mkunga, wa mwisho, alichomoza kichwa tena.

"Dada, toleo lijalo, herufi zinaweza kuwa kubwa kidogo? Macho yangu siku hizi yananisumbua."

"Nitaangalia," binti akasema, akausogeza uso karibu zaidi na kioo cha kompyuta.